Kunegunda na Mitungi Inayotoka Jasho

Siku Kunegunda Mapunda alipokabidhiwa barua ya kupunguzwa kazini, hakulia. Aliikunja mara nne, akaifutika kwenye pindo la kitenge, akarudi kitaluni kumalizia mstari wa miche aliokuwa akiumwagilia. Mkuu wake akamfuata nyuma, akamwambia kwa upole kwamba miche hiyo haihitaji maji tena. Kitalu kinafungwa, na eneo amepewa mtu binafsi wa kujenga ghala.

"Na miche itakwenda wapi?" Kunegunda akauliza.

"Ile mizuri imeshachukuliwa. Hii iliyodumaa itatupwa shimoni."

"Basi nipeni mimi."

Mkuu akamtazama, akatazama ile miche iliyosinyaa kwenye viriba vyake vyeusi, akacheka. "Chukua yote, mama. Utakuwa umetupunguzia kazi."

Huo ulikuwa mwaka 1993, miaka ya soko huria, wakati kila wiki mjini Songea lilifunguliwa duka jipya na kila wiki mtu fulani alirudi nyumbani na barua kama ile. Kunegunda alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Kumi na minane kati ya hiyo aliitumia kitaluni, na mikono yake ilijua kubebesha kikonyo cha mchungwa juu ya shina la mlimau hata akiwa anaongea na mtu pembeni. Aliazima toroli, akaenda na kurudi mara kumi na moja kutoka kitaluni hadi kwake Lizaboni, akipita katikati ya soko na watu wakimuuliza kama amehamia kwenye biashara ya takataka. Alipomaliza, nyuma ya nyumba yake palikuwa na miche arobaini na minane: michungwa thelathini, miparachichi kumi na miembe minane ya kubebesha.

Mumewe, Alfonsi, alikuwa fundi cherehani. Naye mambo hayakumwendea vizuri. Zamani watu walimletea kitambaa kizima awashonee suruali, lakini tangu mitumba iingie kwa marobota, kazi iliyobaki ilikuwa kupunguza makoti ya Wazungu warefu yawatoshe Wangoni wafupi. Aliporudi jioni ile na kuona viriba vimejaa uani, alisimama akajishika kiuno.

"Mama Fulgence, hivi ndivyo walivyokulipa?"

"Hivi nimejilipa mwenyewe, Baba Fulgence. Kesho unisaidie kuchimba mashimo."

Alichimba. Alinung'unika shimo hadi shimo, lakini alichimba. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na mteremko wa kama nusu eka ambao miaka yote uliota nyasi tu. Mvua za Desemba zilipokolea, miche yote ilikuwa ardhini. Katika miaka miwili iliyofuata miti ikanyanyuka, ikapita magoti, ikapita kiuno. Fulgence, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa mwalimu Mbinga, alipokuja likizo alishindwa kuutambua mteremko aliouteleza akiwa mdogo. Kunegunda alipanda mchicha na nyanya katikati ya mistari, akauza, wakala. Lakini akili yake ilikuwa kwenye michungwa. Alikuwa ameahidiwa na mikono yake mwenyewe kwamba mwaka wa tatu itazaa.

Na mwaka wa tatu, mvua zikakatika.

Kwa kawaida Songea mvua huendelea hadi Aprili, wakati mwingine hadi Mei. Mwaka ule wa 1996 zilinyesha mara ya mwisho katikati ya Machi, kisha anga likafungwa kama duka la mtu aliyefilisika. Juni ikaja na upepo wake wa baridi, mkavu, unaopasua midomo. Julai nyasi zikageuka rangi ya karatasi ya kaki. Agosti milima ya Matogoro haikuonekana vizuri kwa vumbi na moshi. Kisima cha Kunegunda, ambacho hakikuwahi kumwangusha, kikaanza kutoa ndoo tano tu kwa siku. Ukichota ya sita, kamba ilileta tope.

Alipiga hesabu akiwa amekaa kwenye kizingiti. Kila mti ulitaka walau ndoo moja kila siku ya tatu. Hiyo ni ndoo kumi na sita kwa siku, na yeye alikuwa na tano, ambazo kati yake moja na nusu ni ya kupikia, kunywa na kuoga watu wawili. Akaanza kutumia maji mara mbili. Maji ya kuoshea vyombo yalikwenda kwenye miparachichi. Maji aliyoogea Alfonsi yalikwenda kwenye miembe, na Alfonsi akakatazwa kutumia sabuni nyingi. Akatandaza nyasi kavu kwenye kila shina, zikafika magotini, ili jua lisiguse udongo. Hata hivyo majani ya michungwa yalianza kujikunja kama viganja vya mtu mwenye baridi.

"Chagua kumi," Alfonsi alimwambia. "Okoa kumi, mingine uiache. Hata mama mwenye mapacha watatu huwa anajua matiti ni mawili."

"Na yule wa tatu hufa?"

Alfonsi akarudi kwenye cherehani lake. Kunegunda naye hakuchagua.

Sasa, upande wa Bombambili aliishi mama mmoja mfinyanzi, Mwanaheri, Myao aliyezaliwa Lusewa na kuletwa mjini na ndoa. Alikuwa amevuka miaka sitini, na katika maisha yake alikuwa amefinyanga vyombo visivyohesabika. Lakini siku hizo hakuna aliyevitaka. Ndoo za plastiki zilikuwa zimejaa sokoni, nyekundu na bluu, nyepesi, hazivunjiki, na sufuria za alumini zilining'inia kila kibanda. Vyungu na mitungi ya Mwanaheri ilirundikana uani kwake hadi kuku wakawa wanatagia ndani.

Kunegunda alikuwa akimpelekea mchicha kila Jumatano, naye hupewa viazi. Jumatano moja ya Agosti alifika akiwa na kifungu kidogo cha aibu, majani ya njano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona leo unaniletea mchicha wenye homa?"

"Samahani mama. Maji hakuna. Hata wenyewe nyumbani tunauangalia tu."

"Basi kaa, upumzike. Mungu hamtupi mja wake."

Kunegunda alikuwa anakaa kwenye kigoda pale alipoona kitu kilichomfanya asimame tena. Kwenye kona ya ua, mahali pasipomwagwa maji hata tone, mboga ya maboga ilikuwa imetambaa. Majani yake yalikuwa mapana, ya kijani kibichi, na ua moja la njano lilikuwa limefunguka kama vile Agosti haikulihusu. Katikati yake ulikuwepo mtungi mdogo uliozama mchangani hadi shingoni.

"Mama, hilo boga unalimwagilia wewe?"

"Boga gani? Ah, hilo limejiotea lenyewe."

"Na huo mtungi?"

"Huo mbovu. Niliufukia hapo kuku wapate maji ya kunywa, usipinduliwe. Najaza baada ya siku nne, tano. Haukupakwa dawa, kwa hiyo unatoka jasho mno. Ukiuweka juu ya meza utadhani umekojoa."

Kunegunda alishapiga magoti. Alipenyeza vidole mchangani kando ya mtungi, na mchanga ulikuwa baridi. Akachimba zaidi, mkono ukazama hadi kwenye kifundo. Unyevu. Akasogea shubiri moja kutoka kwenye mtungi, akachimba tena. Bado unyevu! Na mizizi ya lile boga, myembamba kama nyuzi, ilikuwa imeukumbatia mtungi pande zote, inanyonya kama ndama.

"Mama Mwanaheri!" alipiga kelele hadi kuku wakakimbia. "Mama, hii mitungi unayo mingapi?"

"Kumi, ishirini, hamsini, nani anahesabu? Unataka kufungua kilabu cha pombe?"

"Nipe ishirini leo. Nitakulipa mboga mwaka mzima."

"Mboga zipi, hizi zenye homa?" Mwanaheri alicheka mpaka akajifuta machozi. "Chukua mwanangu. Afadhali uvunje wewe kuliko kuku."

Kunegunda aliazima tena toroli lile lile la mwaka wa kupunguzwa. Alipanga mitungi ishirini kwenye nyasi, akaisukuma hadi Lizaboni akikimbia kwenye miteremko, akijibu salamu za watu bila kusimama. Jioni ile na siku iliyofuata yeye na Alfonsi waliifukia kando ya michungwa ishirini, wakaijaza, wakaifunika kwa vigae. Usingizi ulimjia kwa shida. Alfajiri alikuwa bustanini kabla ya kengele ya misa, akafunua mtungi wa kwanza.

Ulikuwa umejaa vile vile.

Akafunua wa pili, wa tatu, wa kumi. Yote imejaa. Maji yalikuwa yamekaa tu mle ndani, yanamtazama. Alfonsi alitoka na mswaki mdomoni, akachungulia.

"Mama Fulgence, umeiwekea michungwa matangi. Labda ije na kikombe."

Kunegunda hakucheka. Alivaa viatu, akaenda Bombambili kwa miguu bila kunywa chai, akamweleza Mwanaheri. Yule mama alimsikiliza huku anapepeta mchele, kisha akajigonga paji la uso.

"Astaghfirullahi! Ni kosa langu. Ile niliyokupa nimeipaka."

"Umeipaka nini?"

"Maji ya magome. Mtungi ukitoka motoni, ungali wa moto, tunaupaka maji ya magome yaliyochemshwa, unaziba vitundu. Ndiyo uzuri wa mtungi, usivuje. Miaka yote nimehangaika kuzuia jasho, wewe unakuja kutafuta jasho!" Akaweka ungo chini, akainuka kwa nguvu ambayo Kunegunda hakuwa ameiona kwake siku nyingi. "Njoo Jumatano. Nitafinyanga mipya, niichome, nisiipake kitu. Na wewe uje na kuni."

Kunegunda hakungoja Jumatano. Alikuja kesho yake na mzigo wa kuni, akaja na keshokutwa, akachota udongo bondeni, akaukanyaga kwa miguu huku Mwanaheri akimkaripia kwamba anakanyaga kama anayefukuza nyoka. Mtungi wake wa kwanza ulianguka upande. Wa pili ulisimama. Kufikia wa tano Mwanaheri aliacha kumkosoa. Walifinyanga thelathini, wakaianika kivulini wiki nzima, kisha wakaichoma kwa pamoja kwenye shimo, moto wa magome na samadi kavu. Ilipopoa, Mwanaheri alichukua mmoja, akaujaza maji, akauweka juu ya jiwe. Wote wawili wakakaa kuutazama kama watu wanaosubiri mgonjwa azungumze.

Kwanza tumbo la mtungi likabadilika rangi, likawa jekundu la kukolea. Kisha likang'aa. Kisha tone moja, dogo kama kichwa cha pini, likajitokeza, likakua, likateremka.

"Unatoka jasho!" Kunegunda akaruka.

"Unatoka jasho, alhamdulillahi!" Mwanaheri akapiga kigelegele chembamba, na majirani wakatoka nje kuuliza nani ameolewa.

Safari hii mitungi ilifanya kazi. Siku ya tatu Kunegunda alifunua na kukuta maji yamefika nusu. Alichimba kando ya mchungwa mmoja, udongo ukatoka umeshikana, mweusi, wenye harufu. Siku ya sita mitungi ilikuwa karibu kwisha. Alirudia hesabu yake. Mtungi mmoja ulichukua kama theluthi ya ndoo, na ulikaa siku sita. Ndoo tatu kwa siku zilitosha miti yote arobaini na minane! Alimwita Alfonsi kutoka kwenye cherehani lake ili ahesabu naye, kwa sababu hakuiamini akili yake. Alfonsi akahesabu kwa vidole, akarudia, akahesabu kwa chaki ya kushonea juu ya kitambaa cha mteja.

"Ndoo tatu," alisema taratibu. "Na mimi naweza kurudia sabuni?"

Wakafinyanga mitungi kumi na minane mingine. Ile ishirini ya mwanzo aliifukua, akairudishia kuku wa Mwanaheri. Katikati ya Septemba kila mti ulikuwa na mtungi wake. Majani hayakukunjuka yote, miti haikuota matawi mapya, lakini haikufa. Ilikuwa imeshika pumzi. Asubuhi Kunegunda alizunguka na ndoo na kata, akifunua kigae, akijaza, akifunika, na watu waliokuwa wakipita njiani kwenda kazini walisimama na baiskeli zao kuuliza kama anawapikia wafu. Yeye alicheka nao.

Kisha ukaja moto.

Ilikuwa siku ya kwanza ya Oktoba, saa tisa alasiri, upepo unavuma kutoka juu ya mteremko. Wawindaji wa panya walikuwa wamewasha nyasi upande wa pili wa kilima, kama wafanyavyo kila mwaka, na mwaka ule kila kitu kilikuwa kikavu mno kuzuilika. Kunegunda alikuwa anapalilia nyanya aliposikia mlio, kama karatasi nyingi zinachanwa kwa pamoja. Akainua kichwa, akaona ukuta wa moshi, na chini yake ulimi mwekundu unashuka mbio.

Mara moja akajua alichokifanya. Zile nyasi alizozitandaza hadi magotini kwenye kila shina zilikuwa sasa mafungu arobaini na manane ya kuwashia moto, na miti ikiwa katikati.

"Moto!" alipiga yowe. "Jamani, moto! Njooni mvute majani! Yaondoeni mashinani!"

Lizaboni si mahali pa kuacha yowe lipite. Wanawake walitoka na fagio na majembe, wanaume waliacha bao, fundi wa baiskeli wa kona ya barabara alikuja na spana mkononi. Wakagawana mistari. Walizivuta nyasi kwa reki, kwa mikono, kwa miguu, wakazitupa chini ya mteremko. Lakini mstari wa juu moto ulikuwa umeshaufikia. Kunegunda alikimbilia huko na gunia, akalichovya kwenye mtungi wa mchungwa wa kwanza, akaanza kupiga ndimi za moto. Gunia likakauka. Akachovya kwenye mtungi wa pili. Moshi ulimpofusha, nyusi zikanuka kuungua.

Hapo akaona mtu anashuka upande wake na kitu kikubwa cheusi kinapepea. Alikuwa Alfonsi. Alikuwa ametoka nalo kwenye cherehani, koti zito la baridi la kutoka Ulaya, la mteja, ambalo alikuwa analipunguza mikono. Alilichovya kwenye mtungi, akalivuta linadondosha maji, akalibamiza juu ya moto kama anayeua chatu. Moto ukalala. Akachovya tena, akabamiza tena.

"Koti hilo la watu, Baba Fulgence!"

"Wacha lifanye kazi! Tangu litoke kwao halijafanya kazi ya maana!"

Watu walicheka katikati ya moshi, wakakohoa, wakaendelea kupiga. Baada ya muda ambao hakuna aliyeweza kuupima, moto ulifika kwenye udongo mtupu waliouacha, ukakosa chakula, ukafa.

Miti saba ya mstari wa juu, michungwa sita na mwembe mmoja, iliungua. Mingine ilikuwa na majani yaliyobabuka upande mmoja, lakini ilisimama. Kunegunda alitembea kutoka mti hadi mti akiigusa. Alipofika mwisho akagundua kwamba mitungi yote ilikuwa mitupu. Yote. Maji yalikuwa yamekwenda kwenye magunia na kwenye koti. Na kisima kilikuwa kimeshatoa ndoo zake tano asubuhi.

Mama mmoja jirani, Aurelia, ambaye wiki zote hizo alikuwa akimtania kuhusu mitungi, alimwona anavyochungulia mmoja baada ya mwingine. Aurelia akaenda kwake, akarudi na ndoo kichwani. Maji yake ya kesho. Akaimimina kwenye mitungi mitatu. Bila mtu kuagiza, wengine wakafuata. Walikuja na ndoo, na madumu, na sufuria, mwingine na birika. Kabla jua halijazama kila mtungi ulikuwa umejaa hadi shingoni, na kwa kuwa bado walikuwa wakija, wakamimina hata juu ya mashina yenyewe, jambo ambalo miti haikuwa imelionja tangu mvua za Machi.

"Mnakunywa nini kesho?" Kunegunda aliwauliza, sauti imekauka kwa moshi.

"Kesho tutakuja kunywa machungwa," alijibu Aurelia.

Siku ishirini na tatu baadaye, Alfonsi alitoka nje asubuhi akaita kwa sauti ambayo Kunegunda alidhani ameona nyoka.

"Mama Fulgence! Njoo hapa! Unasikia hii harufu?"

Harufu ilikuwa imejaa ua mzima, tamu, nzito, kama asali na kama sabuni ya harusi. Kunegunda alikimbia peku. Michungwa ilikuwa imechanua. Si tawi moja wala mawili. Kila mchungwa uliookoka, hata ile iliyobabuka, ulikuwa na maua meupe kutoka ncha hadi shina, na nyuki walikuwa wameshafika, wanavuma kama redio isiyoshika stesheni. Mteremko wote wa Lizaboni ulikuwa mweusi kwa majivu na wa kijivu kwa vumbi, na katikati yake bustani moja ilikuwa nyeupe.

Kufikia saa nne watu walikuwa wamejaa. Watoto wa shule walipitia njia hiyo makusudi. Masista wawili walisimamisha gari lao. Bwana shamba, Isidori, kijana wa makamo aliyekuwa na kawaida ya kuuliza maswali mengi kuliko kutoa majibu, alikuja na daftari, akapiga magoti, akafunua mtungi, akauonja udongo kwa ulimi.

"Mama, uliimwagilia kwa wingi lini?"

"Siku ya moto. Watu walileta maji yao."

"Na kabla ya hapo?"

"Ilikuwa inalamba tu."

Isidori akafunga daftari akatabasamu hadi masikioni. "Mchungwa ukikaa na kiu muda mrefu bila kufa, kisha ukanyweshwa ghafla, huamka kwa maua. Nimelisoma chuoni. Sikuwahi kuliona. Mama, usiiache ikose maji hata siku moja sasa, maana itaangusha vitoto vyake vyote."

Hakuiacha. Novemba nzima mvua ilitishia na kuondoka, mawingu yakija mchana na kupeperushwa jioni. Petali zikaanguka, na mahali pake vikatokea vidude vya kijani, vidogo kuliko punje ya mahindi. Kunegunda alivihesabu akakata tamaa ya kuvihesabu. Aurelia na wengine wawili walikuja kila asubuhi kumsaidia kujaza, na Mwanaheri, aliyesema magoti yake hayamruhusu kutembea, alitembea kutoka Bombambili mara mbili kwa wiki kukagua mitungi yake kama daktari anayepita wodini. "Huu umechoka," alikuwa akisema, akiugonga kwa kidole na kusikiliza. "Badilisha."

Mvua ilinyesha tarehe kumi ya Desemba, saa sita mchana. Kunegunda alikuwa bustanini na kata mkononi. Tone la kwanza lilipiga kigae cha mtungi likalia, ti! Halafu la pili. Halafu anga lote likaachia. Kutoka kila nyumba ya mteremko yakatoka mayowe, vigelegele, milio ya sufuria zinazogongwa, na watu wazima walisimama nje wakaloa kwa hiari. Alfonsi alileta lile koti lililoungua pindo, akalivaa, akacheza ndani yake uani hadi akateleza.

Juni iliyofuata michungwa ishirini na minne ilikuwa na matunda ya njano. Kunegunda alikuwa ametangaza kanisani, na Mwanaheri alikuwa ametangaza msikitini, kwamba kila aliyeleta maji siku ya moto aje na chombo kile kile. Walikuja na ndoo, na madumu yaliyokatwa, na sufuria, na yule mwenye birika alileta birika. Kila mmoja alijaziwa. Alfonsi alikata la kwanza kwa mkasi wa kushonea, akampa mkewe nusu. Lilikuwa na ukali kidogo, la mti mchanga, na maji mengi hadi yakachuruzika kwenye viwiko vyao.

"Sema kitu, Baba Fulgence," watu wakamwambia.

"Nitasema nini? Mdomo umejaa," akasema, akachukua lingine.

Habari za mitungi zilisafiri kuliko machungwa. Isidori alizipeleka kwenye mkutano wa mabwana shamba, na watu wakaanza kufika Bombambili kwa baiskeli kuulizia mitungi isiyopakwa. Mwanaheri alilazimika kutafuta wanawake wanne wa kumsaidia kukanyaga udongo, akawakaripia wote kama alivyomkaripia Kunegunda. Kuku wake wakakosa pa kutagia.

Septemba ya mwaka ule, ujumbe ulitoka Lusewa, nyumbani kwao Mwanaheri. Wakulima wa tumbaku huko walikuwa wamekata miti mingi kukaushia majani, na akina mama walitaka kupanda mingine kando ya nyumba zao, lakini kila walichopanda kiangazi kilikiua. Wanawake hao wawili wakapanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua tumbaku, Mwanaheri mbele na dereva, Kunegunda nyuma na mitungi hamsini iliyofungwa kwenye nyasi na miche mia ya kubebesha aliyoiotesha mwenyewe uani kwake. Kila lori liliporuka kwenye shimo alipiga kelele dereva aende taratibu, na alikuta midomo yake inacheka.

Walipofika, watu walikuwa wamekusanyika shuleni, wanawake zaidi ya sitini, Wakristo na Waislamu, wengi wamekuja na majembe. Mwanamke kijana aitwaye Kasiana akamsogelea Kunegunda, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama. Tumeambiwa una dawa ya kiangazi."

"Marahaba mwanangu. Dawa sina. Nina vyungu na nina kelele. Nyumba yako iko wapi?"

"Ile pale, yenye paa la nyasi."

"Basi tuanzie pale. Kamata jembe."

Msafara mzima ukawafuata. Shimo la kwanza lilibishaniwa sana, wengine wakitaka liwe mlangoni, wengine karibu na jiko, bibi mmoja akisisitiza kwamba mchungwa haupandwi upande wa kaburi la mkwe. Kunegunda aliwaacha wabishane hadi wakakubaliana wenyewe, kisha akaingia shimoni kwa magoti na kuonyesha jinsi shingo ya mtungi inavyobaki juu ya udongo, kiasi cha vidole viwili. Mwanaheri alikaa juu ya kigoda pembeni akipokea heshima za watu wa ukoo wake na kuwarekebisha kwa mbali. Kasiana alimimina maji ya kwanza, polepole, mtungi ukaimba wimbo wake wa kujaa. Wanawake wakapiga vigelegele, na kabla havijaisha tayari kundi lingine lilikuwa linamvuta Kunegunda mkono kuelekea nyumba ya pili.

Hadi jioni walifukia mitungi thelathini na mmoja. Sauti ilikuwa imemkauka Kunegunda kabisa, akawa anaelekeza kwa mikono, na hakuna aliyekosea.